Dakika Kumi za Daktari Tak Munsik

Huyu tunayemlaza leo kwenye kilima cha wazee wake, Daktari Tak Munsik, alizaliwa tarehe 3 Machi 1942 hapa hapa Uiseong, kwenye nyumba ile ya paa la bluu mnayoiona kule chini karibu na ghala. Wakati ule paa lilikuwa la nyasi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa Mzee Tak Pilho, mkulima wa vitunguu saumu, na mkewe Seo Bunnam. Ndugu zake wote watatu wametangulia. Baba yake hakuwa mtu wa maneno mengi, na yale machache aliyosema karibu yote yalihusu vitunguu. Vita vilipofika mwaka 1950, Munsik alikuwa na miaka minane. Walitembea kwa miguu siku nne mpaka Daegu, yeye amembeba mdogo wake wa kike mgongoni, na shingoni kaning'iniziwa kifuko cha mbegu za vitunguu, kwa sababu Mzee Pilho alisema vita vitaisha na watu watataka kupanda. Huyo dada yake alilalamika mpaka anazeeka kwamba harufu ile haikumtoka mpaka alipoolewa.

Alisoma shule ya msingi hapa Uiseong, sekondari akasoma Andong, na mwaka 1961 akaingia chuo cha udaktari Daegu. Barua ya kukubaliwa ilipofika tu, kijiji kizima kikaanza kumwita Daktari, wakati hata sindano hajawahi kuishika. Bibi mmoja akamletea mbuzi anayekohoa. Munsik aliona haya kukataa, akamsikiliza mbuzi kifua kwa sikio lake, akasema apewe maji ya moto na asilale kwenye baridi. Mbuzi akapona. Marehemu alipenda kusema kwamba katika maisha yake yote huyo ndiye mgonjwa pekee aliyetoka kwake bila kuangalia kulia na kushoto kama kuna mtu anamwona.

Alimaliza chuo mwaka 1967. Mwaka uliofuata aliingia jeshini kama daktari, akapewa cheo cha kapteni. Agosti 1969 alipanda meli pale Busan kwenda vitani Vietnam, akafanya kazi miezi kumi na tatu kwenye hospitali ya mahema karibu na Qui Nhon. Alirudi Septemba 1970 na nishani moja. Nishani hiyo iko ndani ya sanduku la nyuzi la mama, mjane wake, chini ya vifungo.

Hapa ndipo wasifu wa watu wengine ungeruka kwenda kwenye ndoa. Huu hauruki, kwa sababu mwenyewe alikataza.

Mwezi wa pili mwaka huu, akiwa kitandani, alimwita binti yake wa mwisho, Narae, yule anayepeleka vyakula kwa pikipiki mjini Andong. Akamwambia wasifu wake wa mazishi auandike yeye.

"Baba, mimi shule niliacha na miaka kumi na sita," Narae akasema. "Kaka Seungjae anafundisha chuo. Mpe yeye."

"Seungjae ataandika vizuri," mzee akasema. "Wewe utaandika yote."

"Yote yapi?"

"Toa simu yako. Rekodi."

Alichosimulia siku ile ni hiki, na kimewekwa hapa kama alivyokisema.

Tarehe 22 Januari 1970 aliletwa hospitalini Koplo Bang Yonggap, miaka ishirini na miwili, kijana wa Gilan, kule kwenye mashamba ya matufaa. Kikosi chake kilikuwa kimeshambuliwa kwenye njia ya kupita katikati ya mpunga. Wenzake sita walikufa. Yeye alikutwa amekaa katikati yao, mzima, hana hata mchubuko, ila miguu haisogei. Walimbeba kama gunia. Siku hiyo hospitali ilikuwa na majeruhi zaidi ya arobaini, na Kapteni Tak alikuwa na siku mbili hajalala. Bado hakuwa daktari wa akili. Alikuwa daktari kijana tu mwenye miaka ishirini na saba, ameambiwa na wakubwa wake awe macho na askari wanaoigiza ugonjwa ili warudishwe nyumbani. Alimchoma Bang kwa pini kwenye unyayo, mguu ukaruka. Akazunguka nyuma yake, akampigia kelele ghafla, "Simama," goti likashtuka. Basi, akashika kalamu akaandika kwenye fomu: Hana jeraha, anajifanya mgonjwa. Akatia sahihi yake.

Yote hayo yalichukua dakika kumi.

"Sikumuuliza hata aliona nini," mzee anasema kwenye rekodi. Halafu unasikia saa ya ukutani. "Nilimchoma tu pini."

Koplo Bang alirudishwa kikosini. Asubuhi ya gwaride akaambiwa asimame, hakuweza. Kwa kuwa daktari ameandika ni mzima, ikahesabiwa kwamba amekataa amri. Mahakama ya jeshi ikamfunga miezi kumi. Alirudi nyumbani kama mfungwa aliyemaliza kifungo, jina lake limefutwa kwenye orodha ya askari waliopigana vita vile, na kule Gilan hata watoto wadogo walijua kwa nini.

Kapteni Tak alikuja kulielewa kosa lake akiwa darasani. Mwaka 1971 alianza masomo ya magonjwa ya akili Daegu. Mwaka wake wa kwanza, mwalimu akawaelezea juu ya watu ambao wakiona jambo la kutisha kupita kiasi mwili hugoma, mkono au miguu inakataa kabisa kufanya kazi, na mgonjwa hana ujanja wowote hapo. Ukimchoma pini, mguu utaruka. Ukimshtua, goti litacheza. Lakini kusimama hawezi. Marehemu alitoka nje kabla mwalimu hajamaliza.

Tarehe 14 Oktoba 1972 alimuoa Bi Gu Okhui wa Yeongju. Walikutanishwa na mshenga kwenye mgahawa wa chai, na hapo hapo, kikombe cha kwanza, akamsimulia habari ya Koplo Bang. Mama anasema alimwangalia akafikiri huyu mwanamume labda hataki kuoa.

"Wenzako huja na picha za nishani," akamwambia. "Wewe umekuja na hii?"

"Ndiyo."

"Haya, kunywa chai yako basi. Inapoa."

Ndoa yao ilidumu miaka hamsini na miwili. Walijaliwa Seungjae mwaka 1974 na Hyeri mwaka 1977. Mwaka 2001 mgonjwa mmoja wa marehemu alifariki akaacha mtoto wa miaka mitano asiye na mtu. Marehemu alimleta mtoto huyo nyumbani Jumamosi moja mchana, akamwambia mkewe ni wa wiki mbili mpaka wapatikane ndugu. Ndugu hawakupatikana, na wiki mbili zile hazijaisha mpaka leo. Huyo ndiye Narae.

Mwaka 1978 alifungua kliniki yake Andong, ghorofa ya pili, juu ya duka la tambi. Watu walimshangaa. Daktari mzima, chini watu wanavuta tambi kwa kelele kwenye bakuli! Lakini alipachagua kwa makusudi. Mnajua Andong ilivyo, kila mtu ni binamu wa mtu, na akionekana mtu anapanda ngazi za daktari wa akili, kesho posa ya binti yake inavunjika. Kibao cha kliniki kilikuwa kidogo kama daftari, na ngazi zilipandia ndani ya duka. Ukiulizwa ulikuwa wapi, ulikuwa unakula tambi. Mwenye duka mwenyewe alikiri kwamba tambi zake hazikuwa na maajabu yoyote, ila kwa miaka arobaini duka halikukosa watu, na wengine walikuja kutoka Bonghwa na Cheongsong, kila wiki, kwa tambi hizo hizo.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao manesi wake walioko hapa leo wanaujua. Mgonjwa akija mara ya kwanza, kalamu ilifungiwa kwenye droo. Mara ya pili, hivyo hivyo. Jina la ugonjwa aliliandika kuanzia mara ya tatu. Watu wa bima walimlalamikia, wakaguzi walimlalamikia, hata wagonjwa wengine walisema, "Daktari, si uandike tu nipewe dawa niende zangu." Dawa alikuwa anawapa. Jina hakuwapa mpaka awe amewasikiliza mara tatu.

Mei 1981 mwanamke mmoja, Bi Chu Malsun, alipanda zile ngazi akiwa amemshika mkono mumewe. Mume alitembea kwa fimbo, mguu wa kushoto anauburuta, na mke alisema hajalala usingizi wa maana tangu waoane. Daktari akauliza jina. Yule mume ndiye aliyejibu.

"Kapteni," akasema, "miguu yangu bado inajifanya."

Daktari Tak alisimama. Halafu akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, mbele ya nesi, mbele ya mke wa mtu, mlango uko wazi. Akabaki hapo chini. Koplo Bang akamwangalia, akamgeukia mkewe.

"Malsun, huyu ndiye daktari uliyenitafutia? Mbona anaumwa kuliko mimi?"

Kuanzia siku hiyo mpaka Koplo Bang alipofariki, Aprili 2014, Daktari Tak alikuwa daktari wake. Mgonjwa alipata usingizi, mguu wa kulia ukarudi wote, wa kushoto ukarudi nusu. Kila Jumapili marehemu aliendesha gari mpaka Gilan kuwasaidia shambani. Mwaka 1996 alianza kuandika barua kwenye ofisi inayohusika na askari wa zamani, akiapa kwamba karatasi ile aliiandika yeye na ni ya uongo, waifute na wamrudishie Bang jina lake. Waliandika kwamba kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi kubadilisha karatasi ya jeshi. Akaandika tena. Barua saba kwa jumla. Mwaka 1997 alisimama kwenye mkutano wa chama cha askari wa zamani wa Andong akawaeleza wenzake, akitafuta kama kuna mmoja aliyekuwepo siku ile awe shahidi. Aliambiwa akae chini. Aliendelea kuhudhuria mikutano yote, miaka yote, akiketi mwisho wa meza ambako hakuna aliyemmiminia kinywaji. Koplo Bang alizikwa akiwa bado, kwa karatasi, mtu aliyejifanya mgonjwa.

Mwaka 2018 marehemu alipatikana na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, akafunga kliniki. Miaka minne baadaye miguu ikaanza kumgomea. Alikuwa akifika mlangoni anaganda, mguu hauinuki, akili inataka, mwili hautaki. Mama akimsubiri hapo, anamwambia pole pole, tupo. Siku moja aliganda hivyo robo saa nzima kwenye mlango wa choo, akasema, "Okhui, nichome pini uone. Utaruka." Mama hakucheka. Alienda kumletea kiti. Mwaka huu alilazwa mara tatu kwa nimonia. Alifariki Jumatatu tarehe 11 Novemba 2024, saa nne asubuhi, hospitalini Andong, mama akiwa anamsugua nyayo kwa mafuta kama alivyofanya kila asubuhi. Mama anasema aliendelea kusugua kidogo baada ya hapo, kwa sababu mguu mmoja ulikuwa bado.

Sasa kuna la msiba wenyewe, nalo linaandikwa kwa sababu ni sehemu ya yote.

Jioni ya siku ile ile, kwenye ukumbi wa msiba, picha ya mzee ikiwa imeshawekwa kati ya maua meupe na ubani unawaka, Narae alimpa kaka yake karatasi hizi. Seungjae alisoma akiwa amesimama, utepe wa msiba mkononi. Alipofika kwa Koplo Bang akaacha.

"Hii hatusomi."

"Baba kasema."

"Baba alikuwa mgonjwa, Narae. Watu wanakuja kumuaga daktari aliyewatibu miaka arobaini. Wewe unataka kuwapa hii wapeleke nyumbani?"

"Nataka kuwapa alichotaka yeye. Ninayo sauti yake hapa, unataka nikuwekee? Niiweke kwenye spika wasikie wote?"

Mzee Ok Deokbae, mwenyekiti wa chama cha askari wa zamani, alikuwa meza ya karibu anakula supu. Akaweka kijiko.

"Binti," akasema, "bendera ya kufunika jeneza tunaileta sisi. Tunamfunika askari. Hatuwezi kumfunika mtu ambaye siku ya kuzikwa kwake analivua jeshi nguo mbele za watu."

"Basi kaeni nayo bendera yenu, mkaanikie pilipili."

Ilimtoka tu. Mashangazi waliokuwa wanagawa supu wakasimama na mabakuli. Seungjae akamshika mkono akamvutia kwenye korido ya kuvulia viatu.

"Unamtukana mtu mzima kwenye msiba wa baba. Kwani wewe ni nani humu hata..."

Akakatisha. Mama alikuwa amesimama nyuma yake.

"Maliza, Seungjae," mama akasema. "Hata nini?"

Seungjae akalikwepa swali. Akamgeukia Narae, akasema kwa sauti ya chini. "Umemuuliza mke wa Bang? Aibu hii si ya baba peke yake. Unataka kusimama kilimani usome mbele ya watu mia jina la mume wa mtu aliyefungwa. Bi Chu anajua?"

Bi Chu alikuwa hajui. Narae hakuwa amefikiria kabisa.

Kesho yake asubuhi Narae alifanya jambo ambalo mfiwa hafanyi, aliondoka msibani. Alipanda pikipiki yake na nguo nyeusi za msiba na utepe mweupe kwenye nywele, helmeti juu yake, akaenda Gilan. Alimkuta Bi Chu Malsun bandani, miaka sabini na minne, ameketi kwenye kreti anachambua matufaa ya mwisho wa msimu.

"Nilikuwa nakuja jioni," Bi Chu akasema kabla hajasalimiwa. "Wamesema baridi kali inashuka leo, nikasema nimalize kwanza haya. Daktari mwenyewe angeniambia nimalize. Keti."

Narae akamweleza kilichompeleka, akamsomea karatasi zote. Bi Chu hakuacha kuchambua, mazuri huku, yenye madoa kule. Kusoma kulipoisha akauliza, "Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo, bibi."

"Mume wangu umemuandika kama mbwa aliyegongwa na gari."

Narae alikuwa hajalala, damu ikamchemka. "Ndivyo baba alivyosimulia. Sikuongeza hata nukta."

"Baba yako alikuwa anamwangalia mguu tu. Miaka yote, akija, macho kwenye mguu. Mimi nimeishi na mwanamume mwenye kichwa na mikono. Andika kwamba siku ya kutimiza miaka sitini alicheza ngoma kwa fimbo mpaka wapigaji wakachoka. Andika alikuwa mwizi wa karata, kijiji kizima walikuwa wanajua na bado wanakaa naye. Miti ile ya juu yote aliipanda yeye. Andika."

Narae akaandika kwenye simu.

"Na andika kwamba alimsamehe."

"Nani alimsamehe nani?"

Bi Chu akasimamisha mikono kwa mara ya kwanza. "Hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Mwaka themanini na tatu. Siku ya kumaliza mavuno, hapa hapa bandani. Tumeketi, supu iko mezani, baba yako kama kawaida yake anaanza, Bang, mimi siku ile. Yonggap akamwambia, Kapteni, basi. Nimekusamehe. Kwa moyo wangu wote, na mke wangu shahidi. Sasa tule."

"Baba akasema nini?"

"Akalia. Akala. Jumapili iliyofuata akaja tena, akaanza upya, Bang, mimi siku ile." Bi Chu akatikisa kichwa. "Miaka thelathini na moja, binti. Yonggap alikuwa akiisikia gari yake anazunguka nyuma ya nyumba. Ananiambia, Malsun, leo mwambie nimelala. Halafu baba yako ananichukulia mkasi anakwenda kukata matawi, na hajui kukata. Miti yangu imeharibiwa na daktari wa akili kwa sababu hajui kupokea."

Kwenye rekodi ya mzee kuna saa tatu na dakika ishirini. Narae ameisikiliza yote tena baada ya kutoka Gilan. Siku ya pini imo, darasa limo, barua zote saba na tarehe zake zimo. Siku ya mavuno ya mwaka 1983 haimo.

"Kwa hiyo nisome au nisisome?" Narae akauliza.

"Alikuambia uandike yote, si ndiyo? Basi na hilo limo. Soma."

Bi Chu alifika ukumbini saa kumi na moja jioni na sanduku la matufaa. Aliinama mara mbili mbele ya picha, mara ya tatu nusu, kama inavyotakiwa, akakaa kidogo akimwangalia mzee, halafu akamgeukia Seungjae.

"Wewe ndiye mkubwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Nimesikia unamwonea mume wangu aibu. Niachie mimi. Nimekaa nayo tangu nilipoolewa, mwaka sabini na tatu, wewe hujazaliwa. Naijua kuliko wewe."

 Seungjae alimpeleka mezani akamletea supu kwa mikono yake miwili, akaketi mbele yake mpaka amalize. Baadaye alimwomba Narae karatasi, akapita nazo kwa kalamu akisahihisha mahali na tarehe, na majina hakuyagusa. Akaomba pia bahasha ya barua zile saba. Barua ya nane ataiandika yeye, na Bi Chu ameshasema atatia sahihi yake chini ya ile ya mtoto wa daktari.

Mzee Ok alikuwa ukumbini muda wote huo. Alivaa viatu vyake akaondoka bila kuaga. Mpaka karatasi hii inakwenda kupigwa chapa, chama hakijasema chochote kuhusu bendera. Ikiwa mnasikia maneno haya na bendera iko juu ya jeneza, familia inakishukuru chama kwa dhati. Ikiwa haipo, asilaumiwe mtu. Mama amelipiga pasi koti lake jeupe la kliniki, na litamtosha. Na kwa tusi lile la pilipili, Narae anamwomba Mzee Ok radhi mbele ya wote. Kwa mengine hapana.

Marehemu ameacha mjane, Bi Gu Okhui. Ameacha watoto watatu: Tak Seungjae na mkewe Noh Yunmi, Tak Hyeri na mumewe Pyo Dongjin, na Narae. Ameacha wajukuu wanne, Ian, Sia, Gyeol na Danbi. Ameacha manesi wake wawili, na wagonjwa ambao idadi yao aliijua yeye na hawatatajwa, lakini wapo hapa leo wengi, na kwa mara ya kwanza hawakupitia dukani. Ameacha pia Bi Chu Malsun wa Gilan, mjane wa Bang Yonggap, mkulima wa matufaa, mcheza ngoma, mwizi wa karata, koplo wa jeshi la nchi hii aliyepigana Vietnam na kuumia huko.

Baba, ulisamehewa mwaka 1983. Kazi ya barua tumeichukua sisi. Lala.